Sahani ya Kinu

Quezon City
18 Juni 2017

Kwa Mjomba Hilario,

Shikamoo mjomba. Nimeitanguliza mapema usije ukasema jiji limenila adabu pamoja na nauli. Mimi mzima, nakula, nalala, na mvua za huku ni kama za huko ila hazina pa kwenda, zinabaki barabarani zinatutazama. Bibi Imayya mpe shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako. Mwambie ile nyama ya moshi aliyonifungia iliisha siku moja tu, kwa sababu mwenzangu Arnel wa Samar ana pua ya mbwa.

Mama alinipigia Jumapili kutoka Hong Kong. Mtoto anayemlea ameanza shule, na kila asubuhi anamng'ang'ania sketi. Alikuwa akicheka, kisha akaniuliza kama nimekula, nikajua amekumbuka nini. Hata mimi nilikumbuka: wiki ile aliyoondoka, nina miaka sita, nimekaa juu ya kinu karibu na meko, nimegoma kula. Ukapakua sahani mbili. "Hii ya Rhealyn, hii ya kinu. Rhealyn asipokula, kinu kitakula zote." Nikala kwa wivu. Sijui kwa nini nakuandikia jambo unalolijua.

Sasa kazi. Tuko sita tuliomaliza vyuo majuzi, na hakuna wawili wa kabila moja. Mwalimu wetu ni Daktari Villaruz, mama mfupi mwenye sauti ya muuza samaki. Siku ya kwanza alituambia: "Miaka yote hii tumewapima wazee wa nchi nzima kwa maswali ya watu wa Manila. Wa milimani na wa visiwani wakishindwa, tunasema akili zimewaruka. Kumbe sisi ndio hatujui kuuliza." Kwa hiyo tutafundishwa miaka miwili jinsi ubongo unavyozeeka, na jinsi ugonjwa wa kusahau unavyoanza kimyakimya kabla mwenyewe hajajua, ili tuje kuwa watafiti wa mambo hayo katika lugha za kwetu. Kazi yangu ya kwanza ni kuyaleta maswali yao kwenye lugha yetu. Nimekuwekea machache kwenye karatasi ya pili. Mjaribishie Bibi, uniambie anacheka wapi.

Wiki jana walitupatia ubongo wa mtu tuushike. Ni mzito kuliko nilivyodhani, na wa baridi. Sittie, binti wa Lanao, aliomba dua kwanza. Mimi niliuomba radhi kwa lugha yetu, maana sikujua mwenyewe alikuwa akiongea lugha gani.

Mpwa wako,
Rhealyn


Hungduan
9 Julai 2017

Rhealyn mama,

Marahaba. Barua imefika kwa gari la abiria la Ambrosio, imelowa pembe moja, maneno kama matano yamekwenda na maji. Kama yalikuwa ya kunisifu, yarudie. Huku hatujambo. Mavuno yamekwisha, mpunga umekauka vizuri, panya wamechukua fungu lao wakatuachia letu. Binti wa Ambrosio amejifungua mapacha, na jina la wa pili bado wanaligombania. Bibi yako mzima, na mdomo wake mzima vilevile. Nimeona umenipigia simu mara nyingi, lakini mimi na simu mbalimbali. Mpaka nipande kanisani penye mtandao, na pale wanawake wa kijiji kizima wamekaa wanasikiliza. Karatasi haina masikio.

Yaani mmepelekwa kusomea kusahau? Hilo ningekufundisha bure. Jembe langu liko kwa jirani tangu mwaka juzi na sijui jirani yupi.

Maswali nimemsomea. "Leo ni tarehe ngapi?" Akasema, "Kwani nina miadi na nani?" "Uko wapi sasa hivi?" Akanishika paji la uso, akasema, "Hilario, wewe ndiye unayeumwa?" Nikaenda kwenye yale maneno matatu ya kukumbuka: ua, treni, mpira. Akagoma. "Treni sijawahi kukutana nayo, nitaikumbukaje?" Lakini wakati wa kula akaropoka tu: "Ua, mpira, na lile dude lako la chuma." Mpelekee daktari wako jibu hilo.

Jambo lenyewe ni hili. Babu yako Pugong amerudi. Bibi yako anamwona. Huja jioni meko yakishawaka, anakaa upande wa mlango, mikono juu ya magoti, kimya. Amelowa vilevile kama siku tuliyomtoa kwenye mfereji baada ya tufani. Maji yanamdondoka viwikoni ila sakafu hailowi. Haongei, lakini ukimtazama unaona ana baridi. Unajua maana yake: blanketi alilozikwa nalo limeoza, anataka jingine. Mwezi wa tisa tutafanya bogwa, tumtoe kaburini, tumsafishe mifupa, tumvike upya. Bibi yako ameshaanza kufuma.

Pia wiki jana alianguka kutoka juu ya ukuta wa mawe wa shamba la chini, tunapopita, akaumia bega la kulia. Si sana, usimwambie mama yako.

Huo ubongo mlioushika, mliupata wapi?

Mjomba wako,
Hilario


Quezon City
30 Julai 2017

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa Bibi. Asibebe maji hata akikasirika. Mapacha wapewe heri, na huyo wa pili mwiteni Treni, Bibi apate kukutana naye. Jibu lake lilisomwa darasani, Daktari Villaruz akacheka mpaka akavua miwani. Neno treni tumeliondoa, badala yake tumeweka nguruwe.

Nina habari ya kujivunia, nivumilie. Kwenye yale maswali kuna moja linasema: "Je, huwaona watu ambao wengine hawawaoni, au kuongea nao?" Mzee akijibu ndiyo, anawekewa alama ya ugonjwa. Nilisimama. Nikawaambia kwetu mtu asiyewahi kutembelewa na mfu wake ni yule asiye na ndugu. Nikawaambia kwa swali hilo kijiji chetu kizima ni wagonjwa, kuanzia katekista. Nikawasimulia Babu: viwiko vinavyodondoka, sakafu isiyolowa, blanketi linalofumwa. Sittie peke yake ndiye aliyenibishia. Akasema, "Hata kwetu tunao wafu wetu. Lakini kumwota mtu na kumwona amekaa mlangoni kila siku, si ni mambo mawili?" Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba hayo ni ya kwao.

Daktari alifikiri, kisha akachukua kalamu akalifuta swali kwenye karatasi ya lugha yetu. "Ndiyo maana tuliwaita," akasema. Walinipigia makofi, mjomba. Natoka milimani, wengine walikuwa hawajui kama tuna vyoo, na leo wameandika upya karatasi yao kwa ajili ya Babu Pugong. Nilitamani ungekuwepo.

Unabana karatasi? Herufi zako zimekuwa ndogo mno, mwisho wa mstari zinakuwa kama mchanga. Nakutumia daftari lenye mistari mipana.

Mpwa wako mwenye maringo,
Rhealyn


Hungduan
2 Oktoba 2017

Rhealyn,

Marahaba. Daftari nimelipata. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya bogwa, na baada ya bogwa kwa sababu sikujua niseme nini. Bibi yako hajambo, mama yako ametuma picha, amenenepa vizuri. Mapacha wanakua. Wa pili wamemwita Jericho.

Umeniambia habari za makofi, nami nimefurahi kwa ajili yako. Habari ya ubongo hukunijibu.

Bogwa ilikwenda vizuri, hakuna wa kusema haikwenda. Tulimfungua asubuhi. Bibi yako alimpangusa mfupa mmoja mmoja huku akimsema, kwamba alipokuwa hai hakuwahi kutulia kuogeshwa namna hii. Alimkagua mpaka vidole vya miguu, maana aliyepungukiwa hurudi kudai. Hakupungua. Tukamvika blanketi jipya, akalala nyumbani siku tatu, watu wakaja wakala, vijana wakapiga upatu wa shaba, na wale binamu zako wa Hapao wakalewa pombe ya mchele wakatongozana na jamaa zao wenyewe bila kujuana. Nguruwe alipopasuliwa, nyongo ilikuwa imejaa, imelala safi kabisa. Mzee wa matambiko akasema, "Pugong ameshiba na amevaa. Ameridhika." Tukamrudisha.

Siku ya pili yake jioni akaja tena. Bibi yako amemwona. Amelowa vilevile, upande uleule wa mlango, na blanketi hana. Hana, Rhealyn, na mimi ndiye niliyelifunga kwa mikono yangu. Nilikwenda kwa mzee wa matambiko, akanikasirikia. Akasema nyongo haidanganyi, kwa hiyo kuna kinachodanganya humo ndani mwetu.

Naogopa. Nimeandika neno hilo nikalifuta, nikaliandika tena. Mfu aliyevikwa akirudi uchi anataka nini? Waulize hao madaktari wako, maana huku wa kuuliza wamekwisha.

Bibi yako halali vizuri. Anapigana usingizini, anapiga kelele kama anafukuza mbwa. Juzi alipiga ukuta ngumi mpaka vifundo vikavimba. Mwandiko uniwie radhi, mkono bado unauma.

Hilario


Quezon City
29 Oktoba 2017

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, mama mzima, Arnel na Sittie wanawasalimu. Naomba salamu ziishie hapo leo.

Jumanne tulifundishwa aina moja ya ugonjwa wa kusahau ambao hauanzi na kusahau. Mtu anakumbuka kila kitu, anatania, anahesabu. Lakini anaona watu. Si vivuli, ni watu kamili, wamekaa au wamesimama, kimya, mara nyingi jioni. Na anaanguka bila sababu. Na usingizini anapigana, kwa kuwa mwili umesahau kulala wakati akili inaota. Mkufunzi alikuwa akiandika ubaoni, nami nilikuwa nikisoma barua zako kichwani, neno kwa neno.

Mjomba, ni Bibi. Na swali ambalo lingemkamata mapema nimelifuta mimi mwenyewe, nikapigiwa makofi. Tunawapenda wafu wetu mpaka mgonjwa amekaa katikati yetu anaona kitu cha kutisha, na sisi tunamfumia blanketi. Nilikwenda kwa Daktari Villaruz nikalia. Hakunilaumu. Alisema, "Ulichosema ni kweli nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo kazi yetu, na hakuna wa Manila atakayeifanya kwa niaba yako."

Nakuomba umpeleke Bibi mjini Baguio. Nimeandika jina la daktari nyuma ya karatasi hii. Na kabla ya hapo, asipewe dawa yoyote ya kumtuliza, hata jirani akisema ni ya usingizi tu. Zipo dawa za aina hiyo ambazo kwa mgonjwa huyu ni sumu. Mwambie Bibi nampenda. Usimwambie mengine.

Habari ya ubongo tutazungumza nikija.

Rhealyn


Hungduan
21 Novemba 2017

Rhealyn,

Sina muda wa salamu. Uko mzima? Mtandao umeanguka na tufani. Karatasi hii nampa utingo wa basi la jioni pamoja na namba yako ya simu, mpe jibu yeye huyohuyo. Neno moja latosha. Andika kwa mkono wako mwenyewe, asikuandikie mtu.

Hilario


Quezon City, stendi ya mabasi
22 Novemba 2017

Mjomba,

Mimi mzima. Mzima kabisa, nimesimama hapa na nywele mbichi kwa sababu utingo alinitoa bafuni kwa simu. Umenitia kiwewe, mtu mzima huna haya! Nani kakwambia nimekufa? Bibi je? Umempeleka Baguio? Andika kitu kinachoeleweka, na uandike kwa herufi zinazosomeka, hizi za leo nimezisoma kwa miwani ya utingo.

Rhealyn wako, hai.


Quezon City
17 Desemba 2017

Mjomba Hilario,

Shikamoo. Nimengoja barua yako, haikuja. Krismasi sitapata nafasi ya kuja, tumepewa wazee wa kuwatembelea mitaani huku, na zamu yangu ni siku zilezile. Nimewatumia biskuti na soksi za Bibi. Nilitaka kukuandikia mambo ya sikukuu. Siwezi.

Jana Bibi alipanda kanisani pamoja na mke wa Ambrosio, akanipigia simu. Alipanda, mjomba, kilima chote kile, na pumzi alikuwa nayo ya kunisema kwamba nimekonda, wakati hata hanioni. Aliniambia nani kaoa, nani kaachwa, mfereji wa nani umebomoka. Nikampima bila yeye kujua. Hakukosa hata moja. Nikamuuliza bega. Akasema, "Bega la nani?" Nikamuuliza kama Babu bado anakuja jioni. Nikamsikia akisogea mbali na mke wa Ambrosio. Kisha akasema, "Muulize anayekuandikia. Mimi namwekea tambuu ya kutafuna tu."

Nilizitandaza barua zako kitandani, kuanzia ya kwanza. Mtu aliyeumia bega la kulia amefuma blanketi zima. Aliyepiga ukuta ngumi usingizini ni Bibi, ila mkono unaouma ni wako. Herufi zinapungua barua hadi barua, na jambo hilo nalo lilikuwa ubaoni siku ile, nikaliacha lipite kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa Bibi. Na maji ya Babu hayalowanishi sakafu. Habari ya kusimuliwa haina sakafu, mjomba. Hayo husema aliyetazama kwa macho yake.

Ni wewe.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Miezi sita nimejifunza kuwasoma wazee wa watu, na wewe uliyenilea nimekusoma vibaya. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sitaki kifo ndicho kije kuniambia. Uniambie wewe. Nitukane ukitaka, ila usininyamazie.

Na bado hujaniambia kwa nini ulidhani nimekufa.

Rhealyn


Hungduan
11 Februari 2018

Rhealyn mama,

Marahaba, zote ulizonitumia na hizo ulizozibana kwa hasira. Soksi za Bibi yako zimemfika, anazivaa mikononi kwa sababu anasema miguu yake haijazoea anasa. Mama yako amenipigia, tumezungumza naye mambo yote, alilia, nikamwachia alie. Mapacha wanatambaa. Barua hii nimeiandika siku nyingi, kidogo kidogo, mkono ukikubali. Kwa hiyo ukiona mahali herufi zimenona, ujue ilikuwa asubuhi njema.

Nimekwenda Baguio. Ambrosio alinipeleka hadi mlangoni kwa yule daktari wako, akakaa nje akinilinda kama mahari. Kijana mwenyewe ana adabu. Alinitembeza ukumbini, akanikunja mikono, akaniambia nichore saa. Nikamchorea saa nzuri tu, ila mishale ikaniponyoka. Ugonjwa ni huo ulioutaja. Amenipa dawa, na usingizi umekuwa afadhali. Kwenye kuta za mashamba nimeacha kutembea. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kumwona mtoto wa jirani akiziba ukuta wangu kwa mawe aliyoyapanga ovyo.

Nilikudanganya. Bega lilikuwa langu, ngumi yangu, jicho langu. Nilipomwambia mama yangu mara ya kwanza kwamba namwona baba mlangoni, hakushtuka. Akasema, "Hata mimi namwona," akaweka tambuu pale nilipoonyesha. Alikuwa haoni kitu. Hakutaka niwe peke yangu. Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba Bibi yako anamwona, nilikuwa nimeshika mkono wa uongo wake. Ningekwambiaje? Wewe uko huko unasomea watu walioharibika ubongo, unaandika kwa furaha, halafu niandike kwamba wa kwanza kwenye orodha ni mimi? Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe nguo zako nimezifua mimi.

Tena mwanzoni sikujua kuwa ni ugonjwa. Huo ni ukweli. Baba yangu kufa amekufa, na mfu kurudi si ajabu. Hata baada ya bogwa, hata aliporudi bila blanketi, nilisema kuna dhambi mahali, kuna jambo hatukulifanya. Kila aliyekuja kunitazama nilimwambia hivyo, naye alitikisa kichwa kukubali, maana ndivyo anavyojua naye.

Sasa nikwambie kwa nini nilikuuliza kama u hai.

Jioni ile mvua ilikuwa imekatika. Bibi yako alikuwa akipepeta mchele nje. Nikageuka kuweka kuni, nikakuona umekaa juu ya kinu. Una miaka sita. Umevaa ile sketi nyekundu aliyokushonea mama yako, goti moja lina matope, umenuna, hutaki kula. Babu yako yuko upande wa mlango, nawe uko hapa, na kati yenu moto. Kwetu wanaokuja ni wafu. Hajawahi kuja mwingine. Nikasema, basi, mtoto amekufa mjini, amerudi nyumbani akiwa mdogo kwa sababu huo ndio umri aliolia zaidi. Sikumwambia Bibi yako. Nilishuka barabarani bila viatu, nikaomba karatasi kwa utingo, nikakuandikia nikiwa nimeegemea tairi. Nilirudi nikakaa na wewe. Nilikaa nawe mpaka basi liliporudi, nikikuomba msamaha kwa kukuacha uende.

Barua yako ikaja. Nikaisoma: mimi mzima, nywele mbichi, huna haya. Nikainua macho. Ulikuwa bado umekaa hapo.

Ndipo nilipojua. Barua mkononi inasema u hai, na wewe mwenyewe umekaa mbele yangu, hutaki kula. Mmoja wenu ananidanganya, na barua ilikuwa na matusi yako. Kwa wafu ningeweza kujidanganya mpaka nifike nao kaburini. Kwa aliye hai sikuweza. Nililia siku ile, nusu kwa furaha kwamba hukufa, nusu kwa sababu nilielewa kwamba hata baba yangu hakuwahi kurudi. Amelala kwenye blanketi lake, ameshiba, ameridhika, kama nyongo ilivyosema. Mlangoni hapana mtu. Hilo ndilo lililonichukua miezi hii yote kuliandika, maana nilikuwa nimeshazoea kukaa naye.

Lile swali mlilolifuta, usilirudishe kama lilivyokuwa. Ukimuuliza mzee wa kwetu kama anaona wafu, atakwambia ndiyo, na huenda ni mzima kuliko daktari. Muulize hivi: je, umewahi kumwona aliye hai amekaa hapa, na huku unajua yuko mbali? Akisema hapana haraka, mwache. Akinyamaza, kaa naye. Mimi ningenyamaza.

Na ubongo mlioushika, hujanijibu mpaka leo, kwa hiyo nimejijibu. Mlipewa na mtu kama mimi, aliyekubali utolewe akifa. Nilikuwa nimejiandaa kukwambia kwamba sisi huzikwa tukiwa kamili, hufunguliwa tukiwa kamili, asiyetimia hurudi kudai. Kisha nikakumbuka baba tulivyomsafisha. Tulipangusa kila kitu mpaka vidole vya miguu, na hapakuwa na ubongo wa kuvika blanketi. Ulishakwenda zake zamani, na Bibi yako aliyemkagua hakuona pengo. Nalifikiria hilo. Tutazungumza ukija, na ukija usije na karatasi ya kutia sahihi, njoo na tambuu.

Babu yako haji sana siku hizi, dawa imemfukuza. Wewe hukufukuzika. Naandika haya meko yanawaka, na umekaa hapo juu ya kinu, na goti lako la matope. Kila jioni nakupakulia. Bibi yako ananiona, asubuhi anampa nguruwe. Njoo, Rhealyn. Njoo ukae kando ya huyu, niwatazame wote wawili kwa pamoja, nijue sahani ipi ni yako na ipi ni ya kinu.

Mjomba wako,
Hilario